Namna ya kuandika sheria inayomtoza mzalishaji gharama ya taka za vifungashio

Wajibu wa mzalishaji hauhitaji maelezo marefu: anayeingiza kifungashio sokoni ndiye anayelipia kukusanywa, kuchambuliwa na kurejelezwa kwake kikishakuwa taka. Thomas Lindhqvist aliliweka wazo hilo kwenye maandishi mwaka 1990, katika ripoti aliyoiandikia wizara ya mazingira ya Sweden, na mwaka uliofuata Ujerumani ikatoa kanuni yake ya vifungashio. Tangu hapo nchi nyingi zimelichukua. Kinachozitofautisha zilizofanikiwa na zilizokwama ni vifungu viwili ambavyo wabunge huvipita haraka wakikimbilia malengo ya asilimia: nani hasa ni mzalishaji, na tani inahesabiwa ikiwa imefika wapi. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye hivyo viwili, na kwenye ada, kwa sababu hapo ndipo wakwepaji hupita.

Pima kwanza

Usiandike lengo lolote kabla ya kujua tani ngapi za kila malighafi zinaingia sokoni kwa mwaka. Namba hiyo hutafutwa kwa njia mbili, kisha zinalinganishwa. Ya kwanza ni kuhesabu kwa juu: kumbukumbu za forodha, uzalishaji wa viwanda vya chupa, makopo na maboksi, ukitoa kilichouzwa nje. Ya pili ni kupima taka zenyewe. Chagua maeneo ya vipato tofauti na ya biashara, chukua sampuli za kilo 100 hivi kila moja, chambua kwa siku saba mfululizo, halafu rudia msimu mwingine wa mwaka, maana taka za kiangazi si za masika.

Kosa la kawaida hapa ni kupima nailoni na karatasi zikiwa zimelowa na kuchafuka. Nailoni laini iliyotoka kwenye taka mchanganyiko hubeba maji na uchafu mwingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua sehemu ya kila sampuli, ioshe, ikaushe, ipime tena, na utumie tofauti hiyo kusahihisha namba zote. Usipofanya hivyo utaandika tani za plastiki zisizokuwapo, na miaka mitatu baadaye lengo litaonekana halifikiki.

Kifungashio ni kipi

Ufafanuzi wa jumla pekee hautoshi. Weka jedwali la mifano mwishoni mwa sheria, na umpe waziri uwezo wa kulirekebisha kwa kanuni bila kurudi bungeni. Jedwali litaje ngazi tatu: kifungashio anachoondoka nacho mnunuzi, kile kinachokusanya bidhaa kadhaa pamoja, na kile cha usafirishaji, yaani maboksi makubwa, paleti na nailoni inayozungushiwa shehena. Ngazi ya tatu husahaulika sana ingawa ndiyo rahisi kuliko zote kukusanya, kwa kuwa hubaki ghalani ikiwa safi.

Kisha shughulikia vitu vya mpakani. Mfuko mtupu anaopewa mteja dukani ni kifungashio, ingawa haukuja na bidhaa. Sahani na kikombe cha kutupa ni vifungashio kama vimekusudiwa kujazwa pale vinapouziwa. Sanduku la vifaa vya fundi si kifungashio, kwa sababu linaishi pamoja na vifaa. Mipaka hii huhama: kifuko cha majani ya chai hakikuhesabiwa katika maagizo ya zamani ya Umoja wa Ulaya, lakini Kanuni ya 2025/40 inakihesabu. Jedwali linalorekebishika kwa urahisi linaokoa miaka ya kesi.

Mzalishaji ni nani

Chupa moja ya plastiki hupita mikono mingi: aliyetengeneza umbo lake la awali, aliyeipuliza ikawa chupa, aliyeijaza, mwenye chapa, mwenye jumla, mwenye duka. Ukiandika tu “kila anayehusika na kifungashio”, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Kanuni ya kufuata ni kwamba kila kilo iwe na mwenyewe mmoja tu, na mwenyewe awe ndiye anayeamua kifungashio kitakavyokuwa.

Ngazi inayofanya kazi ni hii. Kwa bidhaa inayojazwa ndani ya nchi, mzalishaji ni mwenye chapa. Kama haijulikani ni nani, basi aliyeijaza. Kwa bidhaa inayotoka nje, ni wa kwanza kuiingiza nchini, naye anabeba pia boksi na nailoni zilizokuja na shehena, hata kama atazichana siku hiyohiyo bandarini. Kwa muuzaji aliye nje ya nchi anayemtumia mteja moja kwa moja, sheria imlazimishe kuteua mwakilishi wa ndani, na soko la mtandaoni lisimruhusu kuuza bila namba ya usajili. Ujerumani iliweka sharti hilo kwa masoko ya mtandaoni kuanzia Julai 2022. Mifuko na vikombe vya vibanda na migahawa midogo viwe na njia yao: wajibu ubaki kwa anayevitengeneza au kuviingiza nchini. Ni rahisi kuwafuata watengenezaji thelathini kuliko vibanda elfu thelathini.

Wadogo wanahitaji nafuu, lakini nafuu isiwe tundu. Uingereza, katika mfumo wake mpya, inawatambua wazalishaji wadogo kuanzia mauzo ya pauni milioni 1 na tani 25 za vifungashio kwa mwaka, na wakubwa kuanzia pauni milioni 2 na tani 50. Mdogo anatoa taarifa tu, mkubwa ndiye analipa ada za ukusanyaji. Chochote utakachochagua, weka mambo mawili. Kampuni zenye mmiliki mmoja zihesabiwe pamoja, la sivyo kampuni ya tani 200 itageuka kampuni tano za tani 40 kabla ya mwaka kwisha. Pia msamaha uwe wa ada na wa taarifa ndefu, usiwe wa kujisajili. Asiyekuwa kwenye rejista hawezi hata kukaguliwa.

Fedha zishikwe na nani

Wazalishaji wachache sana wanaweza kukusanya vifungashio vyao wenyewe, kwa hiyo hujiunga kwenye shirika la pamoja linalokusanya ada na kuzilipia kazi. Kama utaruhusu shirika moja, andika kwamba haliendeshwi kwa faida, kwamba kila zabuni ya ukusanyaji ni ya wazi, na kwamba mahesabu yake yanachapishwa kwa kila malighafi peke yake. Ukiruhusu mengi yashindane, kama Ujerumani ilivyo sasa, lazima kiwepo chombo cha juu kinachogawa tani na maeneo kati yao. Bila chombo hicho kila shirika litakimbilia mitaa ya mjini yenye taka nyingi karibukaribu, na vijijini kubaki bila mtu. Kwa nchi inayoanza, shirika moja lenye usimamizi mkali ni salama zaidi. Ushindani unaweza kuongezwa baadaye, kuuondoa ni shida.

Fedha hizo zisiingie mfuko mkuu wa serikali. Zikishaingia huko zimekuwa kodi, na hakuna mzalishaji atakayekubali kupimwa kwa matokeo ya fedha asizoziona. Andika akaunti maalumu, orodha fupi ya matumizi yanayoruhusiwa, na ukomo wa akiba: gharama za miezi sita hivi zinatosha kuvuka kipindi ambacho bei ya plastiki chakavu imeporomoka. Leseni ya shirika iwe ya miaka mitano, ikiambatana na dhamana ya benki. Na usisahau kifungu ambacho hakuna anayependa kukiandika, kinachosema akiba na mikataba vinakwenda wapi shirika likifilisika. Mfumo wa Ujerumani wenyewe ulikaribia kuanguka mwaka 1993: kampuni nyingi zilibandika alama ya kijani, inayoonyesha kwamba ada imelipwa, bila kuilipa, huku wananchi wakileta plastiki nyingi kuliko uwezo wa viwanda.

Kupanga ada

Ada hukokotolewa kwa kila malighafi. Chukua gharama ya kukusanya na kuchambua, toa mapato ya kuuza marobota ya mali iliyochambuliwa, ongeza gharama ya kutupa kisichokusanywa pamoja na ya elimu na uendeshaji, kisha gawanya kwa tani zote zilizoingia sokoni.

Mfano, kwa fedha ya kufikirika. Tani 10,000 za chupa za PET, plastiki ya chupa za maji na soda, zimeuzwa, na lengo ni kukusanya 6,000. Kukusanya na kuchambua tani moja ni 300, kuiuza kunarudisha 120, kwa hiyo pengo ni 180. Mara 6,000 inakuwa 1,080,000. Tani 4,000 zilizobaki zinatupwa dampo kwa 50 kila moja, yaani 200,000. Elimu na uendeshaji 100,000. Jumla 1,380,000, ukigawa kwa 10,000 ada ni 138 kwa tani. Sasa tuseme wakwepaji wamefanya tani zilizotangazwa ziwe 7,000 tu. Gharama haijapungua, maana chupa za wakwepaji ziko mtaani na zinaokotwa kama nyingine. Ada ya waaminifu inapanda hadi 197. Hapo waaminifu nao huanza kutafuta njia ya kutoka, na mwaka unaofuata hesabu inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana ukaguzi si jambo la kuachiwa kanuni za baadaye.

Sheria itaje wazi kwamba ada inafunika gharama halisi. Umoja wa Ulaya unataka gharama zote zilipwe, na pale panapokubalika unafuu wazalishaji wasishuke chini ya asilimia 80. Ukiandika “watachangia”, watachangia kidogo.

Ada ifuate ubunifu wa kifungashio

Mzalishaji atabadilisha kifungashio pale tu tofauti ya ada itakapoonekana kwenye vitabu vyake. Rudi kwenye mfano: chupa ya gramu 25 maana yake ni chupa 40,000 kwa tani, kwa hiyo ada ya 138 ni 0.00345 kwa chupa. Punguzo la asilimia 10 juu ya hiyo halimwamshi mtu. Ufaransa imefika hadi kuongeza ada mara mbili kwa baadhi ya vifungashio vinavyovuruga urejelezaji, na kiwango cha namna hiyo ndicho kinacholeta mazungumzo na idara ya ubunifu.

Orodha ya vya kuadhibiwa isiandikwe na mawakili. Kaa na watu wa kiwanda cha uchambuzi, uwaulize kinachowasimamisha. Watakuambia kwamba mashine ya kutambua plastiki kwa mwanga wa infraredi haioni plastiki iliyotiwa rangi nyeusi ya masizi, kwa kuwa rangi hiyo inaumeza mwanga. Sinia jeusi linapita moja kwa moja hadi kwenye makapi. Lebo inayovalishwa chupa nzima huifanya mashine hiyo isome lebo badala ya chupa. PVC, aina nyingine ya plastiki, na PET zote huzama kwenye maji, kwa hiyo kwenye beseni la kuoshea hazitengani, na PVC kidogo tu huungua PET inapoyeyushwa na kuharibu rangi ya tanki zima. Kifuniko cha PP au HDPE, plastiki nyepesi kuliko maji, hakina tatizo hilo, kinaelea na kukusanywa juu. Vipakiti vya tabaka nyingi, plastiki juu, alumini katikati, plastiki tena ndani, havitengani kwa njia yoyote ya bei nafuu. Vitoze ada inayolingana na gharama ya kuviokota na kuvitupa, usivipe ada ndogo kwa sababu ni vyepesi. Uzito ni kipimo kizuri cha kioo na kibaya cha vipakiti.

Kama unakusudia mfumo wa amana kwa chupa na makopo, yaani mnunuzi analipa kiasi cha ziada anachorudishiwa akirudisha chombo, uandike katika sura yake. Ujerumani iliingiza amana ya kuanzia senti 25 za euro kwa baadhi ya vyombo vya vinywaji vya kutumika mara moja mwaka 2003. Norway inatumia njia nyingine ya kuvuta: ushuru wa mazingira juu ya chombo hupungua kadiri kinavyorudishwa, na huisha kikifika asilimia 95. Lakini amana inaondoa PET safi na alumini, mali mbili zenye bei, kutoka kwenye kapu la ukusanyaji wa kawaida. Ada za vilivyobaki lazima zikokotolewe upya siku hiyohiyo, la sivyo shirika litaishiwa fedha ndani ya mwaka.

Lengo na mahali pa mizani

Weka lengo kwa kila malighafi. Lengo la jumla ni zawadi kwa plastiki. Tuseme tani 100 za vifungashio ni karatasi 40, kioo 25, chuma na alumini 10, plastiki 25. Ukirejeleza asilimia 85 ya karatasi, 75 ya kioo na 75 ya metali, umepata tani 60.25. Lengo la asilimia 60 limefikiwa na hakuna kipande kimoja cha plastiki kilichorejelezwa. Umoja wa Ulaya una lengo la jumla la asilimia 65 kwa mwaka 2025 na 70 kwa 2030, lakini umeweka pia la plastiki peke yake, 50 na 55.

Mahali pa kupimia ni muhimu kuliko asilimia yenyewe. Katika mfano wetu tani 6,000 zilikusanywa. Tuseme uchambuzi unatupa asilimia 15; zinabaki 5,100. Kiwandani uchafu, lebo na unyevu vinaondoa asilimia 10 nyingine; zinabaki 4,590. Mfumo huohuo, mwaka huohuo, unaweza kutangaza asilimia 60, 51 au 46. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2019 kwamba kipimo ni kile kinachoingia kwenye urejelezaji wenyewe baada ya uchambuzi wote, kwa plastiki ikiwa ni chenga zilizo tayari kuyeyushwa bila kusafishwa zaidi. Andika hivyo. Andika pia kwamba kuchoma kwa ajili ya nishati si urejelezaji, na kwamba robota lililouzwa nje linahesabiwa tu likiwa na hati ya mizani ya kiwanda kilicholipokea, siyo ya meli.

Halmashauri na waokota taka

Halmashauri ikiendelea kukusanya, ilipwe kwa kanuni ya hesabu inayozingatia umbali, msongamano wa makazi na ubora wa mzigo. Kulipa ankara yoyote inayoletwa huzaa magari yanayozunguka nusu tupu.

Pale ambapo waokota taka ndio wanaofanya kazi kubwa, muswada usiowataja utawanyang'anya mali bila kukusudia, kwa sababu makontena mapya ya shirika yatakuwa na kufuli. Kanuni za Afrika Kusini zilizoanza kutumika mwaka 2021 zinataka waokotaji waliosajiliwa walipwe ada ya huduma, mbali na bei ya kuuza mali. Kwa vitendo: malipo kwa kilo kwenye kituo cha kupimia, mizani inayoonekana na muuzaji, stakabadhi kila mara, na usajili usiodai nyaraka ambazo mwokotaji hana. Lipia pia kile kisicho na bei sokoni, kama nailoni. Ukilipia chupa tu, chupa tu ndizo zitakazookotwa.

Kuwabana wakwepaji

Rejista iwe ya wazi mtandaoni, ili mshindani aweze kuangalia kama jirani yake amejisajili. Hakuna mkaguzi mwenye bidii kama mshindani. Namba ya usajili iwe sehemu ya lazima ya fomu ya forodha. Asiyesajiliwa asiruhusiwe kuuza, na mwenye duka asiruhusiwe kuuza bidhaa zake. Faini isiwe kiasi kilichogandishwa kwenye sheria, maana mfumuko wa bei utaila. Iwe mara tatu ya ada iliyokwepwa.

Wadanganyifu wengi lakini wamesajiliwa. Wanatangaza chupa na kusahau kifuniko na lebo. Wanatumia uzito wa katalogi ya zamani. Wanatoa tani za mauzo ya nje bila hati za kutoka bandarini. Dawa yake ni ndogo: mkaguzi anunue bidhaa dukani, amwage kilichomo, akaushe, apime vipande kumi kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, achukue wastani na kuuzidisha kwa idadi iliyouzwa kulingana na mahesabu ya kodi. Kampuni inayotangaza chupa ya gramu 18 ilhali ni 21, ikiuza chupa milioni 50, imeficha tani 150. Upande wa pili, kwa viwanda vinavyotoa hati za urejelezaji, linganisha tani zilizoandikwa na bili ya umeme, bili ya maji na uwezo wa mashine. Kiwanda chenye mashine ya tani 2,000 kwa mwaka hakiwezi kutoa hati za tani 5,000.

Ratiba

Vifungashio vina wepesi mmoja ambao vifaa vya umeme havina: vinaishi wiki au miezi, kwa hiyo ada ya mwaka huu inalipia taka za mwaka huu na hakuna deni la zamani la kubishania. Hata hivyo usiharakishe. Kenya ilipitisha sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, na kanuni za wajibu wa mzalishaji zikafuata 2024. Chile ilipitisha sheria mwaka 2016, malengo ya vifungashio yakaanza Septemba 2023.

Mpangilio unaoweza kubebeka ni huu: miezi sita ya kwanza usajili, mwezi wa 12 taarifa ya kwanza ya tani, isiyo na ada wala adhabu ya makosa ya uzito, mwezi wa 18 ada za kwanza, mwaka wa tatu malengo na tofauti za ada kwa ubunifu. Ada zikitangulia taarifa, kiwango cha kwanza kitakuwa cha kubahatisha na kitapingwa mahakamani. Malengo yakitangulia ada, hakuna atakayekuwa na fedha za kununua mashine. Tarehe za usajili, taarifa na ada ziandikwe kwenye sheria yenyewe. Viwango vya ada, jedwali la vifungashio na asilimia za baada ya mwaka wa tano vikae kwenye kanuni, vikipitiwa kila miaka mitatu kwa takwimu za rejista.